Majedwali ya Hatima na Nguvu ya Programu ya Sataranji

Mpenzi wa sataranji akisikia kwamba yapo majedwali yaliyokwisha kuhukumu kwa yakini hali za ubao uliobakiwa na kete saba au pungufu, wafalme wakiwamo, aghalabu hutamani kuyapata upesi, akitaraji kwamba programu yake itazidi nguvu maradufu. Nami, niliyeyatumia na programu ya Stockfish kwa muda mrefu, naona ni wajibu kueleza namna ya kuyaweka na kadiri ya faida yake.

Chukua majedwali ya Syzygy, aliyoyabuni Ronald de Man mwaka 2013. Ya kete tano hayatimizi gigabaiti moja, ya sita yapata gigabaiti 150, na ya saba, yaliyokamilika mwaka 2018, hupita terabaiti 16, shehena ambayo kompyuta ya nyumbani haiihitaji. Anwani ya folda iandike katika mpangilio uitwao SyzygyPath. Mafaili ya WDL, yasemayo tu kama ni ushindi, sare au kushindwa, huulizwa mara nyingi mno programu ingali inatafakari, kwa hiyo yaweke kwenye diski ya SSD, maana diski ya kuzunguka huichelewesha hata faida ikageuka hasara. Ya DTZ, yanayohitajiwa pale tu ubao wenyewe ulipokwisha kupungukiwa na kete, yaweza kukaa popote.

Kisha pima. Shindanisha nakala mbili za programu ileile, moja ikiwa na majedwali na nyingine bila, kwa muda sawa, kila ufunguzi ukichezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi, na michezo iwe maelfu. Tofauti utakayoiona ni ndogo, kwa sababu michezo mingi huamuliwa kabla kete hazijapungua kiasi hicho, na tena mtandao wa neva uliotiwa katika Stockfish tangu mwaka 2020 huzifahamu vyema hatima zilizo nyingi.

Thamani yake kubwa ni elimu. Tangu Kling na Horwitz walipochapa uchambuzi wao mwaka 1851, mabingwa waliamini kwamba farasi aweza kujihifadhi mbele ya maaskofu wawili, mpaka hesabu za Ken Thompson, mwaka 1983, zilipothibitisha kwamba maaskofu kwa kawaida hushinda, ingawa huenda zikahitajiwa hatua 66 kabla farasi hajaliwa. Hapo ndipo kanuni ya hatua 50 bila kete kuliwa wala kitunda kusogezwa huugeuza ushindi kuwa sare. Basi anayejiandaa kwa mashindano auache mpangilio wa Syzygy50MoveRule kama ulivyo, na atafutaye ukweli mtupu wa ubao auzime.