Manyoya ya Jogoo kwa Mshipi wa Kurambaza: Kuyaosha, Kuyakausha na Kuyatia Gundi

Jogoo akichinjwa, nyumba nyingi za Pemba humtumbukiza katika maji ya moto, humnyonyoa upesi, na manyoya huishia jaani. Kwa mvuvi wa mshipi hiyo ni mali iliyotupwa. Tena maji yale ya moto yamekwisha kuiharibu: yameyalegeza manyoya na kuyagandisha kwa damu na uchafu. Anayetaka kufunga chambo bandia huomba apewe nafasi kabla sufuria haijateremshwa, kuku akiwa amekwisha kufa kabisa. Hunyonyoa manyoya ya shingoni, ambayo ni membamba na marefu, kisha yale ya mgongoni karibu na mkia, yaliyo laini zaidi na yanayoning'inia ubavuni. Ya mbawa huachwa. Ni magumu, na yakivutwa majini huuzungusha mshipi mpaka ukasokoteka.

Kuku aliyekufa kwa kideri au kwa maradhi yasiyojulikana hafai hata kwa manyoya. Azikwe kama alivyo.

Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa na bara, una upana wa kilomita 50 hivi na kina kinachokaribia mita 800. Kwa sababu ya kina hicho, samaki wa maji makubwa kama nguru, jodari, sehewa, felusi na sulisuli hupita si mbali na nchi kavu. Wote huwinda kwa macho. Kitu kinachong'aa na kutikisika nyuma ya chombo huwavuta hata kama hakina harufu ya chakula, na ndipo manyoya yanapopata kazi. Ujuzi wenyewe ni wa kale: yapata mwaka 200, mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus alieleza jinsi wavuvi wa Makedonia walivyofunga ndoana kwa sufu nyekundu na manyoya mawili ya chini ya kidevu cha jogoo. Nchini Kenya, ambako trauti waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na kuachiwa katika mito ya nyanda za juu, ufundi huo umekuwa ajira, na chambo kinachofungwa huko huuzwa hadi Ulaya na Marekani.

Chambo cha manyoya kinapofumuka baada ya safari moja, aghalabu gundi ndiyo hulaumiwa. Mara nyingi inaonewa. Kuku ana tezi ya mafuta juu ya mkia. Huyachota kwa mdomo na kuyapaka manyoya yake ili mvua isimloweshe. Mafuta hayohayo huizuia gundi isishike. Kwa hiyo kazi ya kuutia unyoya gundi huanzia kwenye beseni la maji.

Maji yawe ya uvuguvugu, na sabuni ya kuoshea vyombo matone machache yanatosha. Manyoya huzamishwa na kukorogwa polepole kwa vidole, bila kufikichwa. Sababu yake inaonekana ukiukaribia unyoya kwa macho: katikati una shina, pembeni vinyuzi, na kila kinyuzi kimeshikana na jirani yake kwa vikulabu vidogo mno. Ukiufikicha, vikulabu huachana. Habari njema ni kwamba hushikana tena unyoya ukikauka na kupitishwa taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kutoka shinani kwenda nchani. Maji ya kusuuza hubadilishwa mpaka povu liishe, kwani sabuni iliyobaki ni adui wa gundi sawa na mafuta.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi, hasa wakati wa masika, pale hata nguo hukaa siku mbili kambani bila kukauka. Manyoya yatandazwe kwenye gazeti au chekeche, kivulini, mahali penye upepo, na yageuzwe. Dalili ya kukauka huonekana kwenye manyoya laini ya chini ya shina: yakiwa bado yamenatana, bado. Kuyaanika juu ya moshi wa jiko huyatia rangi ya majani makavu, rangi ambayo haina mvuto kwa nguru.

Wadudu nao wana hesabu yao. Chawa wa kuku na viwavi vya nondo wa nguo hula manyoya, na mayai yao hayaonekani kwa urahisi. Penye friza, manyoya yaliyokauka hufungwa katika mfuko usiopitisha hewa na kuachwa kwenye baridi kali wiki mbili. Pasipo friza, chupa yenye kifuniko kinachobana huwekwa karafuu kavu, kitu ambacho Pemba haikosi. Harufu yake husaidia kufukuza nondo, lakini mayai yaliyokwisha kutagwa haiyaui. Chupa ifunguliwe na kukaguliwa mara kwa mara.

Anayetaka rangi ya njano ana manjano ya jikoni: huchemshwa, maji yakipoa kidogo hutiwa siki, na manyoya huloweshwa humo. Rangi hiyo hupauka juani, na ikikutana na sabuni hugeuka nyekundu, jambo analolijua kila aliyefua nguo iliyomwagikiwa mchuzi. Basi kuosha kutangulie, rangi ifuate.

Sasa gundi. Uzi wa kufungia hupitishwa kwenye nta ya nyuki ili usiteleze, kisha huzungushwa kwenye sehemu iliyonyooka ya ndoana hadi uwe na kitako. Vinyuzi vya chini ya shina huondolewa, shina tupu hulazwa juu ya kitako hicho, na uzi huzungushwa tena kwa kukaza. Hapo tone dogo la supaglu hutosha: hupenya katikati ya uzi na kushika mara moja. Kasoro yake ni kwamba ikikauka huwa ngumu na hukatika inapokunjwa, kwa hiyo isipande hata kidogo kwenye sehemu ya unyoya inayotakiwa kucheza. Juu ya mafundo hupakwa vanishi, au rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili. Mkono wa pili usubiri wa kwanza ukauke. Vanishi hulala usiku mzima.

Unyoya unaowekwa juu kama mgongo wa samaki mdogo una utaratibu mwingine. Huu hauna budi kupakwa wote, kwa sababu meno ya samaki yakiugusa hupasuka vipande. Gundi ya viraka vya baiskeli hufaa hapa kwa kuwa ni ya mpira. Hukunjika bila kukatika. Hupakwa nyembamba sana, unyoya ukavutwa kati ya vidole kuelekea nchani ili vinyuzi vilale pamoja, kisha ukaning'inizwa kwa kibanio cha nguo. Gundi ikizidi, unyoya unakuwa kijiti. Kazi hii ifanyike uwanjani, mbali na jiko na sigara na mbali na watoto, kwani mvuke wa gundi hiyo huwaka na huumiza kichwa.

Hakuna sababu ya kumtafuta ndege wa porini. Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana penginepo duniani, miongoni mwao njiwa wa kijani na bundi mdogo wa Pemba, na msitu wa Ngezi ni mojawapo ya maskani yao. Uroho wa manyoya adimu una historia mbaya: Juni 2009, kijana mmoja Mmarekani aliyekuwa hodari wa kufunga chambo aliiba ngozi 299 za ndege katika jumba la makumbusho la Tring, Uingereza. Nguru hatambui tofauti. Jogoo mweupe anatosha.

Chambo kikiwa tayari, kijaribiwe kwanza kwa kuvutwa kando ya chombo penye maji matulivu, nje ya eneo lililofungwa kwa uvuvi la kisiwa cha Misali. Kikizunguka, manyoya hayakulingana pande mbili. Yafunguliwe na kufungwa upya. Kila baada ya safari kisuuzwe kwa maji baridi ya kisima, kikaushwe, na kitako kivutwe kwa ukucha. Uzi ukisogea, vanishi imepasuka na maji ya chumvi yamekwisha kuingia kwenye ndoana: manyoya yanaweza kuokolewa, ila ndoana yenye kutu ibadilishwe.