Shokapu ya Nyuma na Mvua za Bukoba: Mafunzo Niliyopata

Baiskeli yangu ni ya mtumba: fremu ya alumini, shokapu katikati, magurudumu ya inchi 26 ambayo watengenezaji wa baiskeli za milima wameshayaacha. Naiendesha kati ya Bukoba na Muleba, kwenye lami nikiwa na haraka, na kwa njia za migombani juu ya Kamachumu nikiwa na nafasi. Mkono wa nyuma hupanda na kushuka kwa viungo kadhaa, na ndani ya kila kiungo mna beringi ndogo au bushi. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuvihudumia.

1. Adui ni maji, si mawe.
Wengi husingizia mawe ya Kamachumu. Lakini beringi ya gurudumu huzunguka mzunguko mzima na kujipaka grisi yenyewe. Ya kiungo husogea digrii chache tu, golori zilezile zikigonga palepale. Maji yakiingia hayatoki. Grisi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha kutu huanza. Na Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Kwa hiyo sipeleki baiskeli kwa vijana wenye mashine ya presha wanaoosha bodaboda. Ndoo na kitambaa vinatosha.

2. Tafuta kinachocheza kabla ya kununua chochote.
Shika tandiko, nyanyua taratibu. Ukisikia mgongano, sukuma gurudumu la nyuma kushoto na kulia huku kidole cha mkono mwingine kikiwa juu ya viungo, kimoja baada ya kingine; kilicholegea utakihisi. Mara nyingi mkosaji ni bushi za shokapu yenyewe, au hapu. Ukitaka uhakika zaidi, toa boliti moja ya shokapu, inua mkono wa nyuma na uuachie. Ushuke wenyewe, bila kukwama wala kukwaruza.

3. Msumari kwanza, spana baadaye.
Tope jekundu hukaukia ndani ya vichwa vya boliti. Usipolichokoa, spana ya L haifiki chini, na pembe zinalika. Boliti ya chuma iliyokaa miaka ndani ya alumini hung'ang'ania. Itie mafuta ya kulegezea jioni, uifungue asubuhi. Nazichomeka zote kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio wa fremu, maana urefu wake haulingani.

4. Nenda dukani na beringi ya zamani mkononi.
Namba iliyochapwa ubavuni ndiyo inayoamua. 6000 na 6900 zote zina tundu la milimita 10, lakini ya kwanza ina kipenyo cha 26 na unene wa 8, ya pili 22 na 6. Maduka ya spea za pikipiki hujaza beringi za magurudumu ya bodaboda, na hizo hazitakufaa. Bushi ya plastiki ikikosekana, fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma anaweza kukuchongea ya nailoni. Wakati wa kuingiza beringi, nyundo ikae mbali: tumia boliti ndefu, nati na washa, ukisukuma ukingo wa nje peke yake. Ukisukuma wa ndani, golori ndizo zinazobeba nguvu yote, na beringi mpya huharibika kabla hujapanda baiskeli.

5. Mikungu ya ndizi ina baiskeli zake.
Phoenix ya chuma haina kiungo cha kupinda. Hii yangu ukiifunga keria, mguu mmoja kwenye nguzo ya tandiko na mwingine kwenye mkono wa nyuma, sehemu hizo mbili hazitembei pamoja, na mkungu ulioning'inia upande mmoja huvipinda viungo. Fundi mmoja aliniambia, "Kaka, tuichomelee hapa, ikae imara." Nilikataa. Alumini haikubali vijiti vya kawaida vya kuchomelea chuma, na hata ikikubali, unabaki na baiskeli nzito isiyo na shokapu.

6. Grisi na gundi visikutane.
Grisi ni ya ekseli ya kiungo. Gundi ya bluu ya kuzuia boliti isilegee ni ya thredi zilizofutwa mafuta. Kaza kwa kiasi, kwa sababu thredi za alumini hukatika upesi, kisha zipitie boliti zote tena baada ya safari ya kwanza. Kwangu huwa ni Kemondo kwenda na kurudi.