MIZANI YA CHAMA IWE WAZI: Jinsi ya Kuishauri Bodi Itumie Programu Huria

Somo kwa makatibu na vikundi vya mafunzo vya vyama vya msingi

Makusudi ya somo

Baada ya somo hili, katibu na mwanachama waweze kueleza maana ya programu huria, kupima faida na gharama zake, na kuiandalia Bodi pendekezo linalotekelezeka.

1. Tuanze na mizani

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa hawakuiamini mizani ya wanunuzi. Hawakuridhika kuambiwa uzito, walitaka kuuona. Katika baadhi ya vituo vya kununulia pamba waliweka wapimaji wao wenyewe wahakiki kila mzigo. Dai hilo lilisaidia kuzaa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama vikuu viliungana katika VFCU. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Paul Bomani.

Leo, katika ofisi ya chama pale Nyarugusu, mizani si ile ya pamba tu, wala ile ya kupimia gramu za dhahabu. Kompyuta nayo ni mizani. Hupima hisa, akiba, mkopo na riba ya kila mwanachama. Yafaa tuulize: ni nani anayeruhusiwa kuifungua na kuitazama ndani?

2. Programu huria ni nini?

Programu ni maagizo yanayoiongoza kompyuta. Mtaalamu huyaandika kwanza kwa namna ambayo mtaalamu mwenzake aweza kuisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Programu nyingi za kibiashara huuzwa bila msimbo huo, na mnunuzi hupewa ruhusa ya kutumia tu.

Programu huria humpa mtumiaji haki nne: kuitumia kwa kusudi lolote, kuichunguza na kuirekebisha, kugawa nakala zake, na kugawa nakala alizozirekebisha. Msingi huu uliwekwa na Mmarekani Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland akatoa kiini cha Linux, na kazi hizo mbili zikaungana kuwa mfumo kamili wa kuendeshea kompyuta.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Takwimu za vituo vya afya nchini nazo hukusanywa kwa DHIS2, ambayo ni programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo.

3. Kwa nini chama kijali?

Kwanza, sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda programu za kompyuta. Nakala isiyo na leseni, iliyotiwa na fundi kwa bei ndogo, ni kosa, na mara nyingi huja na virusi. Chama kinachowadai wanachama wake uaminifu hakiwezi kutunza leja yao ndani ya nakala ya wizi.

Pili, vifaa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kipindi cha kawaida cha kuhudumiwa kwa Windows 10 kilikwisha. Kompyuta nyingi za zamani, ingawa bado ni nzima, hazitimizi masharti ya Windows 11. Mfumo wa Linux, kwa mfano Linux Mint, huweza kuzirefushia maisha.

Tatu, na ndilo kubwa, umiliki wa kumbukumbu. Leja ikiwa imefungwa ndani ya programu ya muuzaji mmoja, siku muuzaji akipandisha ada au akitoweka, chama hakina pa kushika. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakitaka chama kilinde taarifa za wanachama wake. Ni vigumu kulinda kitu ambacho ufunguo wake anao mtu mwingine.

4. Hatua za kuishauri Bodi

(a) Orodhesha. Andika kila kompyuta, umri wake, programu zilizomo, na leseni ipi ipo au haipo.

(b) Piga hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, chama kina kompyuta 3 na leseni ni shilingi 300,000 kwa kila moja kwa mwaka. Kwa miaka 5 ni shilingi 4,500,000. Kwa upande wa programu huria, tuseme mafunzo ni shilingi 800,000 mara moja, na fundi shilingi 300,000 kila mwaka. Jumla kwa miaka 5 ni shilingi 2,300,000. Tofauti ni shilingi 2,200,000. Weka takwimu za chama chako, kisha uone jibu.

(c) Anza na dogo. Usibadili mfumo mzima kwa siku moja. Weka LibreOffice na Firefox katika kompyuta zilizopo; zote mbili hufanya kazi ndani ya Windows. Linux nayo yaweza kujaribiwa kutoka katika flashi bila kufuta kitu.

(d) Endesha sambamba. Kwa miezi mitatu, funga hesabu za mwezi kwa njia ya zamani na kwa njia mpya. Mizania zikilingana, Bodi itakuwa na ushahidi.

(e) Hifadhi nakala mbili za kumbukumbu, moja nje ya ofisi, kabla ya hatua yoyote.

(f) Ingiza gharama za mafunzo na fundi katika makisio yatakayopelekwa kwenye Mkutano Mkuu.

5. Majibu kwa wenye shaka

Wengine watasema, "Rahisi ghali." Wana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba huria si sawa na bure. Ada ya leseni huondoka, lakini mafunzo na matengenezo hubaki, na fedha hizo zaweza kulipwa kijana fundi wa hapa hapa Geita.

Wengine watasema, "Ikiwa kila mtu anaona msimbo, mwizi naye ataona." Kuona jinsi kufuli lilivyotengenezwa si kuwa na ufunguo wake. Macho mengi husaidia kuligundua kosa, ingawa ni lazima masahihisho yawekwe mara yanapotoka.

Tusifiche magumu. Programu fulani ya hesabu au printa fulani yaweza kukataa kufanya kazi na Linux; hapo kompyuta moja ibaki na mfumo wa zamani wenye leseni halali. Jiji la München, Ujerumani, liliamua kuhamia Linux mwaka 2003, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Mafunzo kwa watumishi na msimamo wa viongozi havina budi kuendelea mwaka hadi mwaka.

6. Maswali ya mazungumzo

1. Je, katibu akiondoka leo, nani mwingine aweza kufungua leja ya chama chetu?
2. Programu zipi ofisini hazina leseni, na nani atawajibika?
3. Muuzaji akisitisha huduma, tutapataje kumbukumbu za mikopo?
4. Kazi ipi moja twaweza kuianza kwa programu huria kabla ya Mkutano Mkuu ujao?

Kikundi kiandike majibu yake na kumkabidhi katibu, naye ayafikishe katika kikao cha Bodi kinachofuata.