Taswira ya Diski: Kuilinda Historia ya Mgonjwa katika Seva ya Linux

Mgonjwa aliyepandikizwa figo anapofika kliniki na kipimo chake cha kreatinini kikasoma mikromoli 140 kwa lita, namba hiyo peke yake haimwambii daktari jambo kubwa. Ikiwa kwa miaka mitatu imekuwa ikicheza kati ya 135 na 145, mgonjwa atapangiwa tarehe nyingine na kurudi nyumbani. Ikiwa mwezi uliopita ilikuwa 90, huenda mwili umeanza kuikataa figo, na kila siku inayopotea ina gharama yake. Upandikizaji wa figo katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ulianza mwaka 2018, na wagonjwa wa namna hii hufuatiliwa maisha yao yote: kreatinini, kiwango cha takrolimasi katika damu, shinikizo la damu, dozi zilizobadilishwa na sababu za kuzibadilisha. Uamuzi wa daktari husimama juu ya mfululizo, si juu ya namba moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa wa kifua kikuu aliyemaliza miezi miwili ya dawa nne na kuingia katika miezi minne ya dawa mbili, na kwa mtoto wa mama mwenye VVU ambaye damu yake ilichukuliwa akiwa na wiki sita, majibu yakasubiriwa. Zamani mfululizo huo ulikuwa katika faili la karatasi. Siku hizi, palipo na mfumo wa kielektroniki, mara nyingi umo ndani ya diski ya kompyuta moja iliyowekwa pembeni ya chumba cha mapokezi.

Kuna faraja isiyo ya kweli ambayo yafaa iondolewe mapema. Takwimu za MTUHA hutumwa kila mwezi ngazi za juu kupitia mfumo wa DHIS2, kwa hiyo baadhi ya watumishi hudhani kwamba hata kompyuta ya kituo ikifa, taarifa zipo wizarani. Kilichopo huko ni jumla. Seva ya kituo ikiharibika, itajulikana kwamba wagonjwa kadhaa wa kifua kikuu walikuwa katika matibabu mwezi wa Machi, lakini haitajulikana ni nani kati yao alipata umanjano wa macho na ngozi kutokana na dawa, zikasimamishwa, kisha zikarudishwa moja moja.

Uwanda wa kati si mahali pepesi kwa diski. Mvua za Dodoma huanza kwa kawaida Desemba na kukoma Aprili. Miezi inayobaki ni ya ukavu, upepo na vumbi jembamba linaloingia hata chumba kilichofungwa. Vumbi huziba feni, feni ikizibwa kompyuta hupata joto, na joto hufupisha maisha ya diski. Umeme unaokatika ghafla wakati diski inaandika unaweza kuacha hifadhidata ikiwa nusu imeandikwa, nusu haikuandikwa. Betri ya akiba husaidia, ingawa katika vituo vingi betri hiyo huangaliwa siku inapogoma. Ongeza hapo wizi, moto, na mtu anayemwaga chai.

Programu nyingi huria za afya huendeshwa juu ya Linux, hasa aina za Ubuntu na Debian. Mfano ulio karibu ni OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006 kwa kufuatilia wagonjwa wa VVU, na ambayo huhifadhi taarifa zake katika hifadhidata ya MySQL. Kwa seva za namna hii kuna kinga za aina mbili zisizochukuliana nafasi. Ya kwanza ni nakala ya hifadhidata, inayotolewa kila siku na kuchukua dakika chache. Ya pili ni taswira ya diski.

Neno taswira hapa lisichanganywe na picha ya eksirei. Taswira ya diski ni faili moja, au kundi la mafaili, lililobeba kila kitu kilichomo katika diski: mfumo endeshi, programu, mipangilio ya mtandao, akaunti za watumiaji na hifadhidata yenyewe. Mwenye nakala ya hifadhidata peke yake, diski ikifa, atalazimika kusakinisha Linux upya, kusakinisha programu, kuipanga, kisha kurudisha taarifa. Kazi hiyo inaweza kumaliza siku tatu, na fundi huenda yuko Dar es Salaam. Mwenye taswira hununua diski mpya, anairudisha taswira, na seva inaamka kama ilivyokuwa siku ilipopigwa. (Istilahi za fani hii bado zinatafuta makao. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba kompyuta inaweza kuzungumza Kiswahili bila kigugumizi. Kilichobaki ni watumiaji kuyazoea maneno.)

Chombo kinachofaa kituo cha kawaida ni Clonezilla. Ni programu huria, hailipiwi, na haisomi diski yote bila sababu: katika mifumo ya mafaili inayoifahamu, hunakili sehemu zenye taarifa tu, kwa hiyo diski ya gigabaiti 500 iliyojaa gigabaiti 60 haitadai nafasi ya 500. Kwenye kompyuta ya Ubuntu au Debian yenye intaneti, husakinishwa kwa amri mbili:

sudo apt update
sudo apt install clonezilla partclone

Ya kwanza huonyesha upya orodha ya programu zilizopo katika hazina. Ya pili huleta Clonezilla pamoja na Partclone, kitendakazi kinachofanya unakili wenyewe. Hata hivyo, usakinishaji huo haukidhi haja ya seva yenyewe. Clonezilla hainakili sehemu ya diski inayotumika kwa wakati huo, kama vile daktari wa upasuaji asivyoweza kujipasua mwenyewe. Ili kuchukua taswira ya diski kuu ya seva, ni lazima seva izimwe na kuwashwa kwa flashi yenye Clonezilla.

Flashi hiyo hutengenezwa mara moja na kutumika kwa vituo vingi, jambo lenye faida kubwa kwa zahanati za Chemba au Bahi ambako intaneti ni ya kubahatisha: faili hupakuliwa mjini, flashi huandaliwa mjini, na kituoni hakihitajiki kitu cha kupakua. Baada ya kupakua faili la ISO kutoka tovuti rasmi ya mradi, lihakikiwe kwanza:

sha256sum clonezilla-live.iso

Amri hii hutoa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishwe na ule uliochapishwa na mradi. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili litupwe na kupakuliwa tena. Kisha flashi ichomekwe, na ijulikane kompyuta imeipa jina gani:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL

Hapa ndipo pa kutulia. Orodha itaonyesha, kwa mfano, sda yenye gigabaiti 500 na sdb yenye gigabaiti 16. Flashi ni sdb. Amri ya kuandika ni hii:

sudo dd if=clonezilla-live.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync

Herufi if hutangulia chanzo, of hutangulia mahali pa kuandikia. Amri ya dd haiulizi swali wala haiombi uthibitisho. Anayeandika sda badala ya sdb ameanza kuifuta diski kuu ya kompyuta anayoitumia. Desturi ya chumba cha upasuaji, ambapo mtu mmoja husoma jina la mgonjwa na upande wa kupasua kwa sauti na mwingine anathibitisha, inafaa kabisa hapa. Watu wawili, kusoma kwa sauti, ndipo kitufe kibonyezwe. Vilevile ikumbukwe kwamba chochote kilichokuwa ndani ya flashi hiyo kitapotea.

Siku ya kuchukua taswira ipangwe wakati wagonjwa ni wachache. Seva itakuwa imezimwa kwa saa moja au zaidi, kutegemea wingi wa taarifa na kasi ya diski ya nje, na muda huo wahudumu waandike katika rejesta za MTUHA, kisha waingize baadaye. Kituo kisicho na rejesta za karatasi mezani kisianze kazi hii.

Seva ikiwashwa kwa flashi, Clonezilla huuliza maswali kwa menyu. Huchaguliwa njia ya diski kwenda taswira, kisha diski ya nje itakayopokea taswira, kisha savedisk, yaani kuhifadhi diski nzima. Jina la taswira liwe na tarehe na aina ya seva. Miongoni mwa maswali yanayofuata mawili hayafai kuitikiwa kwa haraka. Moja huuliza kama taswira ikaguliwe baada ya kuhifadhiwa ili kujua kama inaweza kurudishwa. Jibu ni ndiyo, ingawa huongeza muda. Lingine huuliza kama taswira isimbwe kwa nywila. Kwa taarifa za wagonjwa jibu ni ndiyo pia, na nywila ikipotea hakuna fundi atakayeifungua taswira hiyo. Iandikwe, iwekwe katika bahasha iliyofungwa, na ihifadhiwe mbali na diski yenyewe.

Ukaguzi wa Clonezilla huthibitisha kwamba faili ni zima. Hauthibitishi kwamba seva itaamka. Kwa hiyo, angalau mara mbili kwa mwaka, taswira irudishwe kwenye kompyuta nyingine yenye diski isiyo ndogo kuliko ya awali, maana Clonezilla kwa kawaida haikubali kurudisha katika diski ndogo zaidi. Kompyuta hiyo isiunganishwe na mtandao wa kituo. Vinginevyo zitakuwapo seva mbili zenye jina moja na anwani moja, na mhudumu anaweza kuandika dozi ya mgonjwa katika seva ya majaribio bila kujua. Ikiamka, lifunguliwe faili la mgonjwa mmoja na vipimo vyake vilinganishwe na vilivyomo katika seva halisi hadi tarehe ya taswira. Zoezi likiisha, diski ya majaribio ifutwe. Kituo ambacho hakijawahi kufanya zoezi hili hakijui kama kina akiba; kina diski kabatini tu.

Ikiwa diski tayari inatoa sauti ya kugonga au mafaili yanagoma kufunguka, Clonezilla si chombo chake, kwa kuwa inapokutana na sekta mbovu huweza kusimama. Seva izimwe na isiwashwe tena kwa kujaribu-jaribu. Diski itolewe, iunganishwe na kompyuta nyingine ya Linux bila kufunguliwa, na itumiwe ddrescue, ambayo katika Ubuntu na Debian husakinishwa kwa jina la gddrescue:

sudo apt install gddrescue
sudo ddrescue -n /dev/sdb /mnt/akiba/seva.img /mnt/akiba/seva.map

Hufanya kazi kama mganga wa dharura mwenye majeruhi wengi: huokoa kwanza kinachookoka kwa urahisi, huacha sehemu ngumu kwa awamu ya pili, na huweka kumbukumbu katika faili la ramani ili kazi ikikatizwa na umeme iendelee ilipoishia. Awamu ya pili hurudia amri ileile, na -d -r3 ikishika nafasi ya -n. Diski iliyopokea taswira hii lazima iwe na nafasi isiyopungua ukubwa wote wa diski mgonjwa.

Taswira iliyokamilika ni siri za wagonjwa wote wa kituo katika kitu kinachoingia mfukoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikwisha kudai usiri wa majibu ya VVU. Mgonjwa wa Kongwa aliyeficha hali yake kwa ndugu zake hana habari kwamba jina lake lipo katika diski iliyosahauliwa kwenye gari la fundi. Watumishi wa afya tayari wanajua namna ya kutunza kitu cha namna hii, kwa kuwa wanatunza mofini: kabati lenye kufuli, daftari, sahihi mbili kila kinapotoka na kila kinaporudi. Diski ya taswira itunzwe hivyohivyo, katika jengo lisilo la seva, ili moto mmoja usiviteketeze vyote viwili.

Mara ngapi? Nakala ya hifadhidata kila siku. Taswira kila mwezi, na kabla ya kila badiliko kubwa la programu. Clonezilla haichukui tofauti pekee kati ya taswira ya jana na ya leo, hivyo kila mara ni taswira nzima. Zikibaki tatu za karibuni, za zamani zifutwe, nalo lisainiwe daftarini.

Kwa upande wa mgonjwa, kadi ya kliniki bado ni hati yenye thamani na haifai kutupwa kwa kuwa "kila kitu kipo kwenye kompyuta". Karatasi ya majibu ya mwisho ikunjwe na kuhifadhiwa humo. Sheria inampa mgonjwa haki ya kuomba kuziona taarifa zake, na anaweza kuuliza, bila kuonekana mkorofi, kama kituo kina akiba na nani anaitunza. Anayehama Dodoma mjini kwenda Mpwapwa aombe muhtasari wa matibabu yake kabla hajaondoka, siku ambayo seva inafanya kazi.