Mvua Inaponyesha Ijumaa Usiku

JUMATANO

Soma Kutoka 34:21. Amri ya Sabato ilikwisha kutolewa Sinai (Kutoka 20:8-11). Kwa nini hapa Mungu anataja pia msimu wa kulima na msimu wa kuvuna?

Mkulima wa mahindi wa Handeni atalijibu swali hili upesi kuliko mhubiri. Kule mvua si ya kutegemea. Watu huandaa shamba, huweka mbegu tayari, kisha hutazama mawingu wiki baada ya wiki. Sasa mvua ije Ijumaa usiku. Sabato asubuhi udongo umelainika, na njiani kwenda kanisani unapishana na majirani wenye majembe begani. Jua likiwaka siku mbili tatu, unyevu umekwenda. Hapo ndipo fungu hili linapouma. Kupumzika wakati shamba ni kavu hakumgharimu mtu kitu.

Tusiliongezee fungu lisichosema. Halisemi kwamba mahindi ya aliyepumzika yatakuwa marefu kuliko ya jirani. Waisraeli walipewa mana maradufu siku ya sita (Kutoka 16:22-30), lakini walilazimika kulala na chakula cha kesho, huku wakikumbuka kilivyooza siku nyingine walipokiweka (fungu la 20). Imani ilihitajika usiku ule, kabla ya kufunua chungu asubuhi.

Korogwe, jirani na Handeni, ni nchi ya mkonge. Enzi za ukoloni manamba waliletwa kwenye mashamba ya mkonge kutoka mbali, wakafanya kazi kwa kipande: siku 30 za kazi, zimalizike ndani ya siku 42. Siku isiyotiwa alama kwenye kipande haikuhesabiwa. Soma Kutoka 5:6-19 ukiikumbuka kadi ile. Watu wanaomba nafasi ya kumwabudu Mungu. Farao anawaita wavivu, na hesabu ya matofali haipungui hata moja. Kumbukumbu la Torati 5:15 inaikumbusha Misri hiyo hiyo inapotoa sababu ya Sabato: waliokuwa watumwa sasa wana siku ambayo msimamizi hana amri juu yake.

Vipande vya karatasi vimekwisha, ila wengi wetu bado tunavyo moyoni. Siku ikipita bila kazi ya kuonyesha, tunajiona kama tumeiba. Hata kanisani wapo viongozi ambao Sabato yao huanza na kikao cha asubuhi na kuishia na kikao cha jioni, nao huutaja uchovu wao kama sifa. Yesu aliwaita wanafunzi wake wakapumzike huku watu bado wakija na kwenda (Marko 6:31). Kazi haikuwa imekwisha.

Rudi sasa kwenye Kumbukumbu la Torati 5:14 uwahesabu wanaotajwa. Mtumwa na mjakazi wamo, na hata punda. Katika nyumba nyingi baba hupumzika Sabato kwa sababu mama hakupumzika. Maji na yachotwe Ijumaa kabla jua halijazama, kuni ziletwe, na wavulana nao wabebe ndoo.

Jadilini: Sabato iliyopita, ni nani nyumbani kwako alifanya kazi ili wewe upumzike? Na mvua ikinyesha Ijumaa hii usiku, kanisa lenu litamsaidiaje mjane mwenye shamba moja Jumapili asubuhi?