Tiki Moja si Ushahidi

Ujumbe wa WhatsApp ukibaki na tiki moja ya kijivu, mtumaji huanza kujihukumu kabla hajauliza. Mkazi wa Boko Magengeni aliyempa fundi hela ya mabati, dada aliyekosana na mchumba wake, mweka hazina wa kikoba anayefuatilia marejesho: wote hufikia jibu moja, kwamba wameblokiwa. Mara nyingi wanawahi mno.

Tiki moja husema ujumbe umetoka lakini haujafika kwenye simu ya pili. Basi. Huenda simu hiyo imeisha chaji na umeme umekatika tangu asubuhi, bando limekwisha, au mwenyewe kabadili laini. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi ambazo intaneti yake iliathirika vibaya. Ujumbe uliokwama siku hizo haukuzuiwa na mtu.

Dalili nyingine zipo. Aliyeblokiwa haoni tena muda ambao mwenzake alionekana mara ya mwisho, haoni picha mpya ya wasifu, na akipiga kwa WhatsApp simu haiunganishwi. Lakini kila moja ina maelezo mengine. Tangu 2022 mtumiaji anaweza kuficha hata kwamba yuko mtandaoni wakati huo huo. Wapo wanaojaribu kumwingiza mtu katika kundi jipya na wakishindwa wanatangaza kwamba wamemkamata. Kumbe tangu 2019 kila mtu anaweza kuchagua nani amuunge kwenye makundi. WhatsApp yenyewe imekiri kwamba imeziacha dalili hizi na utata makusudi, ili kulinda faragha ya aliyebloku. Ni uamuzi wa haki: anayemkimbia msumbufu hapaswi kutangaziwa kwamba amekimbia.

Kipimo kinachokaribia ukweli kimo kwenye makundi ambayo wote wawili ni wanachama, kwa sababu kubloku hakumtoi mtu kundini. Mtu akiwa anachangia mazungumzo ya kamati ya harusi asubuhi na jioni kwa namba ile ile, huku ujumbe aliotumiwa pembeni una tiki moja kwa siku ya tatu, hoja ya bando imekwisha. Hapo kubloku ndiko maelezo yanayobaki.

Kurudia kutuma hakusaidii. Hata aliyebloku akifungua baadaye, yaliyotumwa wakati wa bloku hayatamfikia kamwe.

Hatari kubwa huja na papara ya kutaka kujua. Programu zinazojinadi kumfichua aliyekubloku huomba ruhusa ya kuingia kwenye namba na picha zako, ilhali WhatsApp haitoi taarifa hiyo kwa yeyote. GB WhatsApp, toleo la WhatsApp lililobadilishwa na watu wengine, nayo si ya kampuni hiyo, na anayeitumia anaweza kufungiwa akaunti yake. Kununua laini mpya ili kumwandama aliyekukataa ni kubaya zaidi: kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza ujumbe wa kielektroniki unaokusudia kumtisha, kumsumbua au kumtia mtu msongo wa mawazo.

Iwapo aliyebloku ndiye aliyepokea fedha, labda dalali aliyechukua kishika uchumba cha kiwanja, mambo hubadilika. Usifute mazungumzo hata kama yanakuuma. Hifadhi picha za skrini pamoja na ujumbe wa muamala, kisha peleka vyote kituo cha polisi kilicho karibu. Na ukipokea ujumbe mfupi wa kitapeli kwenye simu, usiujibu; utume kwenda 15040, namba iliyotengwa nchini kwa ajili hiyo.