Kukuza Mboga na Matunda Ndani ya Nyumba

Kibirizi ni mahali palipo kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini wa mji wa Kigoma. Hapo mitumbwi hutia nanga, dagaa huanikwa juani, na abiria hupanda boti kwenda vijiji vya kaskazini. Nyumba zimesongamana, na familia nyingi huishi katika vyumba vya kupanga. Kati ya mwaka 2020 na 2024 maji ya ziwa yalipanda sana, yakafunika sehemu za ufuko. Watu wengi wa mwambao walipoteza nyumba na bustani zao.

Tumfikirie mwanafunzi mmoja wa Kibirizi ambaye familia yake ilihama ufukoni kwa sababu ya maji hayo. Sasa wanaishi katika chumba kimoja cha ghorofani. Hawana hata hatua moja ya ardhi ya kulima. Siku fedha zinapopungua, nyumbani huliwa ugali na dagaa bila mboga. Mwanafunzi huyo akajaza udongo katika kopo, akapanda mchicha. Akaliweka kopo nyuma ya mlango, mahali ambapo kuku na mbuzi wasingelifikia. Alimwagilia kila siku bila kusahau. Mchicha uliota vizuri, lakini baada ya siku chache miche ikarefuka, ikawa myeupe, ikaanguka na kufa.

Je, mwanafunzi huyo alikosea nini? Katika sura hii tutatafuta jibu.

Mmea hupata wapi chakula chake?

Watu wengi hudhani kuwa mmea hula udongo. Zamani hata wataalamu waliamini hivyo. Jan Baptist van Helmont, aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alilichunguza jambo hili kwa jaribio. Alipima udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akautia katika chombo. Ndani yake alipanda mti mdogo wenye uzito wa kilo 2 hivi. Kwa muda wa miaka 5 hakuongeza kitu ila maji. Mwishoni alipima tena. Mti ulikuwa umefikia zaidi ya kilo 70, lakini udongo ulikuwa umepungua kwa gramu 60 tu hivi! Habari za jaribio hilo zilichapishwa mwaka 1648.

Helmont alifikiri kuwa mti wote ulitokana na maji. Alikuwa sahihi kwa sehemu tu. Mwaka 1779 daktari mmoja wa Uholanzi, Jan Ingenhousz, alionyesha kuwa sehemu za kijani za mmea husafisha hewa zinapokuwa katika nuru ya jua, na kwamba gizani hazifanyi hivyo.

Leo tunajua kuwa mmea hujitengenezea chakula chake katika majani. Majani hupokea maji kutoka kwenye mizizi, na hewa ya kabonidayoksaidi kutoka nje. Rangi ya kijani iliyomo katika majani hunasa nguvu za nuru. Kwa nguvu hizo mmea huunganisha maji na kabonidayoksaidi na kufanya sukari. Hewa ya oksijeni hutolewa nje. Kazi hiyo huitwa usanisinuru. Udongo huupatia mmea maji, madini kidogo, na mahali pa kushikilia mizizi.

Kwa hiyo mmea waweza kustawi hata katika ndoo, ikiwa utapata maji, hewa, madini na nuru. Ndani ya nyumba, maji twaweza kuyaleta kwa kata, na madini kwa samadi. Hewa huingia yenyewe. Kitu kilicho adimu ni nuru.

Jaribio: Nuru na ukuaji wa mche

Vifaa: makopo 3 yaliyo sawa, udongo wa aina moja, mbegu 9 za maharage, maji, rula.

Njia:
1. Toboa matundu madogo chini ya kila kopo. Tia udongo wa kiasi kilicho sawa.
2. Panda mbegu 3 katika kila kopo, kwa kina cha sentimita 3 hivi.
3. Weka kopo A dirishani, kopo B katikati ya chumba, na kopo C ndani ya sanduku lililofungwa lisiloingiza nuru.
4. Mwagilia makopo yote kwa kiasi kimoja cha maji.
5. Baada ya siku 14, pima urefu wa miche. Andika pia rangi ya majani na unene wa shina.

Matokeo: Mbegu za makopo yote huota. Mche wa kopo A huwa mfupi, wenye shina nene na majani ya kijani. Ule wa kopo B huwa mwembamba na huinama kuelekea dirishani. Ule wa kopo C huwa mrefu na dhaifu, wenye majani madogo ya rangi ya manjano.

Maelezo: Mbegu huweza kuota gizani kwa sababu ina akiba ya chakula ndani yake. Mche ulio gizani huitumia akiba hiyo kurefuka haraka ili kuitafuta nuru. Usipoipata, akiba huisha na mche hufa. Usidanganyike basi na urefu wake. Mche mrefu na mweupe ni mche wenye njaa.

Sasa umejua yaliyoupata mchicha wa yule mwanafunzi. Haukufa kwa kukosa maji. Ulikufa kwa kukosa nuru.

Kuchagua dirisha

Nuru hupungua upesi kadiri unavyokwenda mbali na dirisha. Ili kuipima, weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka mmea. Shika mkono wako juu ya karatasi, kwa umbali wa sentimita 30 hivi. Kivuli kikiwa cheusi na chenye mipaka dhahiri, nuru inatosha. Usipoona kivuli, hapo hapafai.

Jua huchomoza mashariki na kutua magharibi. Asubuhi na jioni huwa chini, na miale yake huingia ndani kupitia madirisha ya pande hizo. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa juu sana. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri huwa kidogo upande wa kaskazini. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari, huwa upande wa kusini. Paa lililotokeza huizuia miale mingi ya wakati huo. Ndiyo sababu madirisha ya mashariki na magharibi hufaa zaidi.

Huko Kibirizi ziwa liko upande wa magharibi. Dirisha linalotazama ziwa hupata jua la mchana na jioni. Jua hilo ni kali, kwa hiyo mche mchanga ufundishwe kulizoea kidogo kidogo. Kila baada ya siku mbili au tatu, zungusha chombo ili mmea usiinamie upande mmoja. Kuta zilizopakwa chokaa husaidia pia, kwa maana rangi nyeupe huirudisha nuru chumbani.

Chombo na udongo

Chombo chaweza kuwa debe, ndoo iliyopasuka, dumu lililokatwa au gunia. Usitumie chombo kilichowekwa rangi, dawa za wadudu au maji ya betri. Toboa matundu chini yake, kwa kuwa mizizi pia huhitaji hewa. Maji yakituama, mizizi huoza.

Mchanga wa ufukoni peke yake haufai, kwa sababu haushiki maji wala hauna madini ya kutosha. Changanya makopo 2 ya udongo mweusi wa juu, kopo 1 la samadi iliyooza, na kopo 1 la mchanga.

Kabla ya kumwagilia, tia kidole katika udongo. Ukiwa mkavu, mwagilia. Ukiwa na unyevu, ngoja. Usimwagilie maji yaliyooshea dagaa wenye chumvi. Chumvi nyingi katika udongo huizuia mizizi kunyonya maji, na mmea hunyauka ingawa udongo umelowa.

Mimea ifaayo

Mboga za majani, kama mchicha na sukumawiki, huweza kuvumilia nuru ya wastani. Mchicha huweza kuvunwa baada ya wiki 4 hivi. Ukiukata juu na kuacha shina lenye vifundo, utachipua tena. Mjini Nairobi, katika mtaa wa Kibera uliosongamana sana, tangu mwaka 2008 kaya nyingi zimepanda mboga hizo katika magunia karibu na milango yao.

Mimea ya matunda, kama nyanya na pilipili, huhitaji jua la saa 6 au zaidi kila siku, kwa sababu kutengeneza tunda hutumia chakula kingi. Panda mche mmoja katika ndoo ya lita 10 au zaidi. Nje, upepo na nyuki hutikisa maua ya nyanya na chavua huanguka mahali pake. Ndani ya nyumba kazi hiyo ni yako: gonga shina polepole kwa kidole wakati maua yamechanua.

Usalama

Ndoo iliyojaa udongo uliolowa ni nzito. Usiiweke ukingoni mwa dirisha la ghorofa, isije ikamwangukia mpita njia. Mwaga maji yaliyotuama katika visahani, kwa kuwa mbu huzaliana humo. Osha mboga kabla ya kuzipika.

Kopo moja la mchicha haliwezi kulisha familia. Lakini madebe manne au matano, yakipandwa kwa zamu, huweza kuleta mboga mezani mara kwa mara. Yule mwanafunzi wa Kibirizi alikuwa na udongo, mbegu, maji na bidii. Alichopungukiwa ni hatua chache tu, kutoka nyuma ya mlango hadi dirishani.

Maswali

1. Katika jaribio la Helmont, udongo ulipungua kidogo sana. Jambo hilo latufundisha nini?
2. Kwa nini makopo yote matatu yalipewa maji sawa?
3. Mbegu huota gizani, lakini mche haudumu humo. Eleza sababu.
4. Tumia karatasi na kivuli cha mkono kupima nuru katika sehemu 4 za nyumba yenu. Ni sehemu ipi ifaayo kwa nyanya? Ipi yafaa kwa mchicha?
5. Jirani yako anamwagilia nyanya zake mara tatu kwa siku, na zinanyauka. Utamshauri achunguze mambo gani?